Jinsi ya kuitambua Sphagnum medium kwenye kinamasi: mwongozo kamili, kutoka gambuti hadi hadubini

Mara ya kwanza kuandika jina la Sphagnum medium, aina ya kuvumwani (mmea mdogo laini usiochanua maua) inayoota vinamasini, kwenye daftari langu, nilikosea. Ilikuwa Oktoba, nimesimama kwenye njia ya mbao katika kinamasi cha Clara, Kaunti ya Offaly, katikati ya Ayalandi, na mbele yangu palikuwa na kitu chekundu kama bitiruti iliyokatwa. Kitabu kilisema S. medium ni nyekundu. Nikaandika, nikapiga picha, nikaenda zangu. Mzee mmoja aliyezoea kazi hii alipoiona picha alicheka, akaniuliza swali moja tu: "Jani uliliangalia?" Sikuwa nimeliangalia. Ile ilikuwa Sphagnum rubellum, nyekundu vilevile, lakini ni ya kundi jingine kabisa.

Mwongozo huu umejengwa juu ya swali la mzee yule. Ni wa Mswahili yeyote anayeishi au kusoma huko ambako vinamasi hivi vipo, iwe Ayalandi, Uskoti, Uswidi, Estonia au Kanada mashariki. Vilevile ni wa yule ambaye amewahi kununua "pitimosi" dukani kwa ajili ya trei za miche na akajiuliza ilikuwaje ilipokuwa hai. Sehemu kubwa ya pitimosi hiyo ni mabaki ya mimea ya jamii hii, iliyochimbwa kwenye vinamasi vya kaskazini.

Kwanza ujue unatafuta nini

Sfagnamu (Sphagnum) ni jenasi ya kuvumwani inayojenga mboji ya kinamasi, yaani tabaka la mabaki ya mimea yasiyooza kabisa. Haina mizizi. Kila mche ni shina moja lililosimama, juu lina kichwa cha matawi machanga yaliyosongamana, na chini ya kichwa matawi yamepangika kwa vishada. Katika kila kishada yapo matawi yanayonyooka kwenda pembeni na mengine yanayoning'inia yakilikumbatia shina. Hayo yanayoning'inia hufanya kazi ya utambi wa koroboi: maji hupanda kati yake na shina mpaka kichwani.

Siri nyingine imo ndani ya jani. Jani la sfagnamu lina seli za aina mbili. Zipo nyembamba za kijani, zilizo hai, na zipo kubwa tupu, zilizokufa, zenye matundu na nyuzi za kuzizuia zisibonyee. Hizo tupu ndizo matangi ya maji. Ndiyo maana mche huu unaweza kubeba maji mara 15 hadi 20 ya uzito wake mkavu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Charles Cathcart, daktari mpasuaji wa Edinburgh, alikuwa miongoni mwa waliohimiza itumike kufungia vidonda pamba ilipokuwa haba. Kufikia 1918 bandeji za kuvumwani zilizotoka Uingereza zilikaribia milioni 1 kwa mwezi.

Kinamasi chenyewe nacho si kila tope. Tunachokitafuta hapa ni kinamasi cha kuba, yaani kilichoinuka katikati kuliko ardhi inayokizunguka, kwa sababu mboji imerundikana juu ya mboji kwa maelfu ya miaka mpaka ikapita kimo cha maji ya ardhini. Kwa hiyo kinaishi kwa mvua tu. Maji yake hayana lishe na ni makali kwa asidi, pH yake ni kama 4, na sfagnamu yenyewe huyaongezea ukali kwa kunyonya madini na kutoa asidi. Mboji huongezeka kwa takriban milimita 1 kwa mwaka. Sentimita 10 unazoweza kuzama kwa hatua moja ya kizembe ni kazi ya karne nzima.

(Kwetu nako sfagnamu ipo, kwa mfano kwenye vinamasi vya juu vya Rwenzori. Ila mwongozo huu usiubebe kwenda huko ukitegemea utakuta spishi hizihizi. Na ile mboji maarufu ya bonde la Kongo imetokana na miti ya msitu wa kinamasi, si kuvumwani.)

Mkanganyiko wa jina

Ukifungua kitabu cha zamani hutaikuta S. medium, au utaikuta imetajwa pembeni. Utakuta Sphagnum magellanicum, jina lililotolewa na Bridel, mtaalamu wa kuvumwani, mwaka 1798 kwa mimea ya Mlangobahari wa Magellan, kule ncha ya kusini ya Amerika. Kwa muda mrefu kila sfagnamu nene na nyekundu ya Ulaya iliitwa hivyo. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Kristian Hassel walionyesha kwamba jina moja lilikuwa linafunika spishi tatu: S. magellanicum yenyewe, ambayo ni ya kusini mwa Amerika, S. divinum, iliyopewa jina jipya, na S. medium, jina ambalo Limpricht, mtaalamu mwingine wa kuvumwani, alikuwa amelitoa tangu 1881 kisha likawekwa kabatini.

Kwa hiyo orodha ya kinamasi cha Ulaya ya mwaka 1995 ikisema "S. magellanicum", usiseme waandishi walikosea. Walitumia jina la wakati wao. Wewe tu usilibadilishe kuwa S. medium bila kuona sampuli.

Vifaa

Gambuti ndefu, na soksi mbili. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Ya mara 20 ni nzuri zaidi, lakini kuizoea ni kazi. Kibanio chembamba kama cha kung'olea nyusi. Kisahani cheupe cha plastiki. Bahasha ndogo za karatasi, penseli (wino utatoweka na mvua, na mvua utaipata), na simu yenye chaji ya kuandikia mahali ulipo. Suruali ichomeke ndani ya soksi kwa ajili ya kupe, na ukirudi ujikague.

Kibali ni sehemu ya vifaa. Katika Umoja wa Ulaya karibu jenasi nzima ya sfagnamu imetajwa kwenye sheria iitwayo Maelekezo ya Makazi Asilia (Habitats Directive) ya 1992 kuwa mimea ambayo uchukuaji wake unaweza kudhibitiwa, na hifadhi nyingi haziruhusu kuchuma chochote bila ruhusa ya maandishi. Ayalandi vinamasi vya kuba ambavyo mboji yake bado inakua havifiki hata asilimia 1 ya vilivyokuwapo. Bila kibali, baki kwenye njia ya mbao na lenzi yako. Pale Clara, ukilala kifudifudi kwenye mbao, unazifikia spishi tano au sita kwa mkono bila kukanyaga chochote.

Hatua ya 1: Ingia kwa adabu

Usiende peke yako. Mwambie mtu wa nyumbani saa utakayorudi. Ukiwa na ruhusa ya kutoka njiani, kanyaga penye Calluna, kile kichaka kifupi chenye vijitawi vya miti, au kwenye mashungi ya Eriophorum, mmea kama nyasi ambao kichwa chake kikikomaa kinafanana na sufi iliyopasuka. Pale palipo laini, tambarare na penye rangi ya kupendeza ndipo pasipo na kitu chini. Mimi niliacha gambuti ya kushoto mahali pa namna hiyo na kuivuta kulichukua dakika kumi.

Hatua ya 2: Soma uso wa kinamasi kabla ya kuinama

Watu wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Kinamasi cha kuba si tambarare. Kina vidimbwi, kina mabonde madogo yenye unyevu, kina mazulia yaliyo sawa na kimo cha maji au juu yake kidogo, kisha kina vichuguu, si vya mchwa bali vilima vidogo vya kuvumwani, vinavyofika magotini. Kila spishi ina daraja lake.

Ndani ya vidimbwi utakuta S. cuspidatum, kijani hafifu, laini, ukiitoa majini inajikunja kama manyoya ya kifaranga aliyelowa. Kwenye mazulia na vichuguu vifupi ndipo ilipo S. medium, mara nyingi bega kwa bega na S. papillosum yenye rangi ya asali iliyoiva. Ukipanda zaidi unakutana na S. rubellum na ndugu yake S. capillifolium. Vichuguu virefu, vikavu, vigumu ukivibonyeza, ni vya S. fuscum ya kahawia na, ukibahatika, S. austinii.

Basi ukiona wekundu, jiulize kwanza: huu umekaa daraja gani? Uko usawa wa maji au kiganja kimoja juu yake? Endelea na S. medium akilini. Uko kileleni mwa kichuguu kirefu? Shuku S. rubellum au S. capillifolium. Ni dokezo tu, si hukumu. Madaraja huingiliana, na kichuguu kimoja kinaweza kubeba spishi tatu zilizosukana kama mkeka.

Hatua ya 3: Tazama rangi, lakini usiiamini

S. medium iliyokomaa kwenye jua ina wekundu wa mvinyo, wakati mwingine ukielekea zambarau. Wekundu huo umeshikamana na kuta za seli, kwa hiyo ukiikamua maji yanayotoka hayana rangi.

Tatizo ni kwamba rangi hufuata hali. Usiku wa baridi na jua la mchana huichochea, ndiyo maana Septemba hadi Novemba kinamasi kizima huonekana kimevaa kanga mpya. Mche uleule chini ya kivuli cha Calluna unaweza kubaki kijani kabisa, au kijani chenye madoa ya waridi. Kiangazi kikiwa kikali seli tupu hujaa hewa na mche hupauka mpaka ukafanana na karatasi. Kwa hiyo kosa linakuja kutoka pande mbili: utaita S. medium kitu kisichokuwa chenyewe kwa kuwa ni chekundu, na utaipita S. medium yenyewe kwa kuwa ni ya kijani. Kosa la pili ndilo baya zaidi, maana halikuachii hata picha ya kukusuta.

Hatua ya 4: Toa mche mmoja

Mmoja tu. Ingiza vidole viwili chini ya kichwa, sentimita tano hivi, uvute taratibu. Uweke kwenye kisahani cheupe, ukitie maji kidogo ili matawi yajitandaze.

Sasa angalia umbo lote kabla ya kushika lenzi. S. medium ni nene. Kichwa chake kinaweza kufika upana wa sentimita 2, na matawi yake yamevimba, mafupi, ncha butu, kama vidole vya mtoto mchanga. S. rubellum iliyolazwa kando yake itaonekana nyembamba mno, kichwa kidogo kilichokaa kama kitufe, matawi kama nyuzi. Ukiziona pamoja mara moja, hutazichanganya tena kwa urahisi. Mimi nilipozilaza pamoja kwenye kisahani kimoja niliona aibu ya ile picha ya Oktoba.

Hatua ya 5: Jani

Hapa ndipo pa kutulia. Lenzi haishikwi mbali kama miwani ya kusomea gazeti. Igandishe karibu kabisa na jicho, kisha usogeze mche kuelekea lenzi mpaka picha itulie. Pukuta maji kwanza, kwa sababu tone moja linang'aa na kuficha kila kitu. Geukia mwanga.

Chagua tawi la pembeni, si la kichwani, na uangalie ncha za majani yake. Za S. medium ni pana, zimejikunja kwa ndani, na mwishoni zimefumbata kama kofia ya koti la mvua. Jani zima lina umbo la mtumbwi mfupi mnene. Za S. rubellum zimechongoka, hazina kofia. Hakuna umri, kivuli wala ukame unaobadilisha jambo hilo.

Kofia hiyo haikuambii "hii ni S. medium". Inakuambia umeingia kwenye kundi dogo la sfagnamu nene, ambalo ndani yake pia wamo S. papillosum, S. palustre na S. austinii. Sasa rangi inarudi kazini, safari hii ikiwa na mipaka. Ukiona kofia pamoja na wekundu wa mvinyo ulio wazi, kwenye kinamasi kinachoishi kwa mvua, umefika karibu sana. Ukiona kofia na rangi ya asali au hudhurungi bila wekundu wowote, elekea S. papillosum. Kofia na kijani kitupu, hasa pembeni mwa kinamasi au chini ya miti, huenda ni S. palustre, lakini pia huenda ni yetu iliyokosa jua. Kwa huyo wa mwisho hakuna njia ya mkato ya porini. Mtie kwenye bahasha.

Hatua ya 6: Hadubini

Anayetaka kuridhika na lenzi aruke hatua hii, ila asiandike jina la spishi pale penye shaka.

Rangi ya kutia kwenye seli huna haja ya kuiagiza mbali. Jivii, ile dawa ya zambarau tuliyopakwa mdomoni utotoni, ndiyo hasa inayotumika kuonyesha matundu na kuta za sfagnamu. Izimue na maji, tia tone moja, hesabu mpaka kumi, kisha suuza. Ikikolea mno huoni kitu. Ikikumwagikia mezani unajua mwenyewe.

Anza na ganda la tawi: bandua majani kwa kibanio, lichunguze tawi lililobaki uchi kwa ukuzaji wa mara 100 hadi 400. Seli za nje zina nyuzi zilizojizungusha kama springi. Hiyo inathibitisha kundi la wenye kofia.

Kisha kata jani kwa upande, kazi inayowashinda wengi siku ya kwanza. Usijaribu kukata jani moja. Lilaze tawi zima likiwa na unyevu kidogo juu ya kioo, likandamize kwa kidole, halafu kwa wembe mpya ukatekate haraka vipande vyembamba kama anayekata sukuma wiki. Vipande tisini vitakuwa vinene na vibovu, kumi vitafaa. Tia maji, funika, tafuta vile vilivyosimama kwa ubavu.

Utaona seli kubwa tupu zimepangana kama shanga, na katikati ya kila mbili kuna seli ndogo ya kijani. Swali ni umbo la hiyo ndogo. Katika S. medium ni duaradufu, na imefunikwa pande zote na seli tupu, haifiki kwenye uso wa jani upande wowote. Katika S. palustre ni kama pembetatu nyembamba ambayo kitako chake kinatokeza upande wa ndani wa jani. Katika S. papillosum ni kama pipa, inatokeza pande zote mbili, na kuta zinazopakana nayo zina vinundu vidogo vinavyoonekana kama msasa. Vinundu hivyo ndivyo vilivyoipa S. papillosum jina lake.

Umeona duaradufu iliyofunikwa pande zote? Basi ile ya kijani iliyokusumbua ilikuwa nyekundu iliyokosa jua.

Hatua ya 7: S. medium au S. divinum?

Hawa wawili ndio waliokuwa jina moja hadi 2018, na seli zao za kijani zote zimefunikwa namna ile ile. Tofauti zilizobaki ni ndogo, zimo zaidi kwenye majani ya shina, zinahitaji sampuli nyingi za kulinganisha na jicho lililozoea. Makazi husaidia: S. medium hupenda uwanda wazi wa kinamasi kinacholishwa na mvua peke yake, wakati S. divinum ina uvumilivu mpana, na hupatikana pia kwenye kingo, penye miti na penye lishe kidogo kutoka ardhini.

Ushauri wangu: andika "S. medium/divinum" na usione haya. Rekodi yenye mkwaju katikati, ikiwa na bahasha nyuma yake, ina thamani kuliko jina moja lililoandikwa kwa kubahatisha. Ukiwa katikati ya kuba, mbali na kingo, sampuli ni nene, nyekundu na umeikata, andika "huenda S. medium" na umpe bahasha mtu wa jumba la kuhifadhia mimea iliyokaushwa akuthibitishie.

Hatua ya 8: Andika na uhifadhi

Papo hapo, kabla hujanyoosha mgongo, andika: tarehe, mahali kwa nambari za ramani, daraja (kidimbwi, zulia, kichuguu), kimo kutoka kwenye maji kwa kukadiria na kiganja, majirani wake, na rangi ilivyokuwa ikiwa mbichi. Rangi ikishakauka hairudi sawasawa, kwa hiyo usiiache iwe ya kukumbuka.

Kamua sampuli kwa upole, iweke kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, ambamo itaota ukungu kabla ya wiki kwisha. Iache ikauke kwenye chumba chenye hewa. Usiibane kama unavyobana majani ya miti kwenye kitabu, maana umbo la kichwa litakufa. Sampuli iliyokauka vizuri inaweza kusomwa hata baada ya miaka 100.

Ukirudi nyumbani osha gambuti na ukaushe kabla ya kwenda kinamasi kingine, usije ukahamisha mbegu na vijidudu. Kisha, ukiwa na mizani ya jikoni inayosoma gramu, pima kichwa kimoja au viwili vilivyokauka, uvitie kwenye bakuli la maji ya mvua, ukae uangalie. Majani yaliyokuwa yamepauka na kusinyaa yanafunguka moja moja, kofia zinajaa, na ndani ya dakika chache mche unakuwa umesimama kwenye bakuli kama ulivyokuwa pale zuliani. Utoe, uache udondoke matone, upime tena, na uandike tarakimu zote mbili nyuma ya bahasha.